Tunapitisha kiwango, au tunapitisha programu ya mtu?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi wa kompyuta, wenye steshenari na wasimamizi wa mitandao ya vyuo, kabla ya kura ya mwongozo wa pamoja wa uchapishaji. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Slaidi zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wenye steshenari mliofunga maduka asubuhi hii ili mje hapa, mafundi wenzangu: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo muda wangu utaishia hapo.

Mezani kuna pendekezo. Kampuni moja ya printa, ambayo sitaitaja kwa kuwa haina mtu humu wa kuijibia, imetupatia programu yake ya kusimamia uchapishaji. Imetupa bure. Inapokea kazi kutoka kwenye simu na kompyuta, inahesabu kurasa za kila mtu, inaishikilia kazi mpaka mwenyewe afike na namba yake ya siri. Nimeijaribu na ni nzuri, nasema kweli. Pendekezo linataka programu hiyo iwe msingi wa mwongozo wetu: chuo, ofisi au steshenari yoyote itakayojiunga inunue printa zinazokubaliana nayo, na mpango huo wote uitwe kiwango huria cha uchapishaji.

Hapo kwenye huria ndipo nilipoomba kuzungumza. Swali langu ni moja na nitalirudia mpaka mnichoke: tunapitisha kiwango, au tunapitisha programu ya mtu?

Kiwango ni maandishi. Mtu wa Mwanza au wa Osaka, asiyemjua hata mmoja wetu, anayasoma, anatengeneza printa yake, anaileta hapa na inachapisha. Programu ni msimbo, yaani amri zinazoiendesha kompyuta, na msimbo una mwenyewe. Mwenyewe ana hakimiliki, na hakimiliki inakuja na leseni. Siku tutakapoandika kwamba printa ifanye "kama programu hii inavyofanya", leseni ya programu hiyo inakuwa sheria yetu hata kama hatukuipigia kura. Na makosa yaliyomo ndani yake nayo yanakuwa sheria, lakini hilo nitaliacha, lina siku yake.

Kuna atakayesema ninaleta hofu za mwanasheria kwenye kikao cha mafundi. Basi tuache nadharia. Dunia ya uchapishaji imeshapita njia hii, na zaidi ya mara moja.

Wangapi humu mnatumia Linux? Wangapi mnatumia Mac? Wote nyie mnatumia CUPS, programu inayopanga foleni ya kazi na kuzipeleka kwenye printa, hata kama hamjawahi kuiona. CUPS ilianzishwa na Michael Sweet, mwenye kampuni ndogo ya Kimarekani iitwayo Easy Software Products, na watu wakaanza kuipata mwaka 1999. Kabla yake, kuchapisha kwenye Unix kulikuwa vurugu: kila mfumo na foleni yake, kila printa na ujanja wake. Sweet akaja na kitu kimoja kinachoeleweka, akakitoa kwa leseni huria iitwayo GPL, na wasambazaji wa Linux wakakichukua mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2002 Apple nayo ikakiingiza kwenye Mac OS X 10.2.

Sasa sikilizeni vizuri. Leseni ya GPL inakuruhusu kutumia, kubadilisha na kusambaza, kwa sharti kwamba ukisambaza kilichobadilishwa, utoe na msimbo wako. Sharti hilo linatubana mimi na wewe. Halimbani mwenye hakimiliki, kwa kuwa mali ni yake. Kwa hiyo Easy Software Products iliweza kuwapa watu wote GPL, na papo hapo kuweka kifungu cha pekee cha kuilegezea Apple masharti hayo. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini ona: programu moja, msimbo mmoja, na wapo waliokaa kwenye viti vya mbele.

Februari 2007 Apple ikamwajiri Sweet na kuununua msimbo wenyewe. Tangazo lilitoka Julai. Yaani kwa miezi kadhaa foleni ya kuchapisha ya karibu kila kompyuta ya Linux duniani ilikuwa na mwenyewe mpya, na watumiaji wake hawakujua. Je, kuna kilichoharibika asubuhi ile? Hapana. Leseni ilibaki GPL, printa ziliendelea kuchapisha. Ndiyo maana watu hawakuona tatizo.

Tatizo la namna hii huja taratibu. Mwaka 2012, lilipotoka toleo la 1.6, Apple iliondoa ndani ya CUPS vile vichujio ambavyo Mac haikuvihitaji. Mac haikuvihitaji, lakini Linux ilivihitaji sana, kwani ndivyo vilivyogeuza faili yako kuwa kitu printa inachokielewa. Iliondoa pia njia ya zamani ya kompyuta kutangaziana printa kwenye mtandao. Watu wa OpenPrinting, kundi lililo chini ya Linux Foundation, ikabidi wavipokee vichujio hivyo na kuvilea wenyewe, na Till Kamppeter akaandika programu ya kuziba pengo lile lingine. Apple haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa inafagia uwanja wake. Ila uwanja ule sisi tulikuwa tumeshauita wa kijiji.

Kisha mwaka 2017 ikatangazwa kwamba leseni inabadilika. GPL inaondoka, inakuja leseni nyingine huria, Apache 2.0, kuanzia toleo la 2.3 lililotoka Agosti 2019. Mimi binafsi naipenda Apache 2.0, ina kifungu kizuri cha hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Lakini haipatani na programu zilizo chini ya GPL toleo la 2 peke yake, na dunia ya uchapishaji imejaa programu za namna hiyo. Wengi waliona hatari hiyo mara moja, na mwishowe kikawekwa kifungu cha kuruhusu programu za GPL 2 ziunganishwe na CUPS bila kuvunja sheria. Bila kifungu hicho, draiva kadhaa, zile programu zinazoiwezesha kompyuta kuiendesha printa fulani, zingelala usiku halali na kuamka haramu.

Nani aliyeamua kubadilisha leseni? Mwenye hakimiliki. Waliochangia msimbo walipiga kura? Hapana, na haikuhitajika.

Mwishoni mwa 2019 Sweet akaondoka Apple. Mwaka 2020 hazina ya msimbo upande wa Apple ikanyamaza karibu kabisa. OpenPrinting, pamoja na Sweet mwenyewe, wakauchukua msimbo, wakaanzisha tawi lao, yaani nakala wanayoiendeleza wenyewe, na Novemba 2021 wakatoa toleo la 2.4. Leo CUPS tunayoipata kwenye Linux inatoka kwao.

Mtaniambia: si unaona, mambo yaliisha vizuri! Ndiyo, yaliisha vizuri. Lakini tujiulize kwa nini. Sababu ya kwanza ni kwamba leseni zote mbili ziliruhusu tawi. Mtu angeweza kuchukua msimbo na kuondoka nao. Sababu ya pili, na kwangu hii ndiyo kubwa, ni kwamba kiwango hakikuwa ndani ya CUPS. CUPS ilikuwa inazungumza IPP, yaani Internet Printing Protocol, lugha ya kompyuta na printa kuelewana mtandaoni, na IPP iliandikwa pembeni. Ilianza mwaka 1996 kwa wazo la Novell na Xerox, ikaingia kwenye vikao vya watengenezaji wengi, ikatolewa na IETF, chombo cha viwango vya intaneti, kama RFC, yaani hati zake zenye namba, mwaka 1999, ikarekebishwa mwaka 2000, na Januari 2017 ikapata RFC 8010 na 8011 zinazotumika leo. Ile ya 8011 imeandikwa na Sweet huyohuyo pamoja na Ira McDonald, wakati Sweet bado yuko Apple. Mtu mmoja, mwajiri mmoja, vitu viwili tofauti: msimbo ulikuwa mali ya Apple, maandishi yakawa mali ya kila mwenye macho. Apple ingefunga CUPS kesho yake, printa zingeendelea kuzungumza IPP na yeyote anayejua lugha hiyo.

Je, programu tuliyopewa ina maandishi ya namna hiyo? Nimeuliza. Nimepewa kitabu cha mtumiaji chenye picha nyingi za vitufe.

Nataka niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Si kosa kuanzia kwenye programu ya kampuni. Viwango vizuri vingi vilianza hivyo, na mfano ninaoupenda umetoka humohumo CUPS. CUPS ilikuwa na umbo lake la ndani la kuibeba picha ya ukurasa, nukta kwa nukta, kuelekea kwenye draiva. Umbo la programu moja, la matumizi ya nyumbani. Lakini kikundi cha watengenezaji kiitwacho Printer Working Group walipotaka printa ichapishe bila draiva, walihitaji umbo rahisi ambalo hata printa ndogo yenye kumbukumbu kidogo ingelisoma. Wakalichukua lile la CUPS. Je, walisema "tazameni CUPS inavyofanya"? Hapana. Walikaa, wakaliandika upya kama maandishi yanayojitegemea, wakayatoa mwaka 2012 kwa jina la PWG Raster, yenye namba 5102.4. Faili inaanza na herufi RaS2, halafu kichwa cha kila ukurasa chenye baiti 1796, kila uga umeelezwa unakaa wapi na unamaanisha nini. Ukiwa na maandishi yale huhitaji kufungua hata mstari mmoja wa CUPS. Ukitaka andika programu yako ya kuuza, ukitaka andika ya bure. Leseni ya CUPS haikugusi.

Halafu tazama ndugu yake wa karibu. AirPrint, njia ya Apple ya kuchapisha bila draiva, iliyokuja na iOS 4.2 mwaka 2010, ina umbo lake la picha linalofanana sana na hilo. Ukiyalinganisha utadhani ni pacha. Lakini maelezo rasmi ya hilo la pili hayakuwekwa mezani kwa kila mtu. Mtengenezaji wa printa anayapata kwa makubaliano na Apple, na watu wa programu huria walilazimika kulichambua faili kwa faili mpaka wakalielewa. Wamefanikiwa, naam. Ila ni kazi ngapi zilipotea kufumbua kitu ambacho kurasa chache zingetosha kukieleza? Chanzo ni kampuni ileile. Moja limeandikwa na kuachiwa, jingine limeshikwa. Yote mawili yanachapisha vizuri, na fundi asiyeuliza habari za leseni hataona tofauti mpaka siku anapotaka kutengeneza chake.

Niguse upande mwingine wa leseni, ule unaouma mfukoni.

Ghostscript mnaijua wengi, ndiyo inayosoma PostScript, lugha ya kuieleza printa ukurasa ulivyo, pamoja na PDF, na kuzigeuza kuwa picha ya kuchapisha. Iliandikwa na L. Peter Deutsch, ikatoka mwaka 1988. Kwa miaka mingi ilikuwa na nyuso mbili. Toleo jipya lilitoka kwa leseni iliyokuruhusu kulitumia bure lakini ikakukataza kulisambaza kibiashara. Toleo la zamani, baada ya muda, ndilo lililoachiwa kwa GPL. Maana yake msambazaji wa Linux aliyeuza CD hakuweza kuweka jipya. Aliweka la zamani, na wateja wake wakabaki nyuma. Mwaka 2006 matoleo mapya yakaanza kutoka moja kwa moja kwa GPL, watu wakafurahi. Mwaka 2013 yakahamia AGPL, kali zaidi, inayomfuata hata anayetoa huduma kupitia mtandao kwa programu aliyoibadilisha. Asiyetaka masharti hayo ananunua leseni ya kibiashara kwa Artifex, wenye hakimiliki. Hii ni haki yao. Wanakula kwa jasho lao.

Na wanaidai haki hiyo. Kampuni ya Korea Kusini, Hancom, inayotengeneza programu za ofisi, iliiingiza Ghostscript ndani ya bidhaa yake bila kutoa msimbo na bila kununua leseni. Artifex wakaishtaki California mwishoni mwa 2016. Hancom ikaomba kesi itupwe. Aprili 2017 hakimu akakataa kuitupa, akaona hoja ya kwamba leseni ile inaweza kuwa mkataba inastahili kusikilizwa. Baadaye wakapatana nje ya mahakama.

Sasa rudini kwenye pendekezo letu. Ukurasa wa tatu unasema matokeo "yalingane na injini ya programu". Injini yenyewe ni ipi? Mle ndani, kwenye orodha ya shukrani ambayo hakuna aisomaye, imo Ghostscript. Kampuni iliyotupa programu huenda imenunua leseni yake, sina shaka nayo. Lakini kijana wetu wa chuo atakayetaka kutengeneza kifaa kidogo cha kuchapishia, akiuze kwa wenye steshenari, atatakiwa kulingana na injini ambayo ama afungue msimbo wake wote kwa AGPL, ama anunue leseni nje ya nchi. Tumemwambia hivyo? Naye yumo humu ukumbini, amekaa safu ya nne, na amekuja akiamini tunamjengea njia.

Wenye steshenari, hili linawahusu moja kwa moja, msisinzie. Mnakumbuka mteja anakuja na flashi ana fomu ya viza ya Kanada, mnaifungua kwenye kivinjari, inatokea karatasi moja yenye maneno ya Kiingereza yanayowaambia msubiri? Mnasubiri. Mteja naye anasubiri. Hakuna kinachokuja. Mwishowe mnaambiwa ni lazima iwe Adobe Reader. Kwa nini? PDF si kiwango cha kimataifa?

Ni kiwango, na hapa ndipo pana somo lenye nyama. Adobe waliitoa PDF mwaka 1993, ikiwa mali yao. Mwaka 2008 wakaikabidhi kwa ISO, shirika la kimataifa la viwango, ikawa ISO 32000-1, na wakatoa leseni ya hataza zao bila malipo kwa atakayeitekeleza. Nawapigia makofi kwa hilo, na sina kejeli. Lakini ndani ya kiwango kile kulibaki marejeo ya teknolojia ya fomu iitwayo XFA, ambayo maelezo yake hayakuandikwa humo; yalibaki Adobe. Nyumba imekabidhiwa, chumba kimoja kimebaki na kufuli la mwenyewe. Serikali na taasisi zilizotengeneza fomu kwa XFA zilidhani zinatoa PDF, kumbe zinatoa kitu kinachofunguka kwa programu ya kampuni moja. Toleo la pili la kiwango, la mwaka 2017, likatangaza kwamba XFA inaachwa. Fomu zilizokwisha kutengenezwa zinaendelea kutusubirisha.

Kwa hiyo msiniulize tu kama kiwango kiko ISO. Ulizeni kila kinachotajwa ndani yake kiko wapi, na kina mwenyewe nani.

Hataza nitazipita haraka, ingawa zingeweza kuchukua siku nzima. Msimbo unaweza kuwa huria kabisa na bado ukawa na hataza ya mtu wa tatu ambaye hakuwepo mlipokaa. PostScript ya daraja la pili iliruhusu data ibanwe kwa njia ya LZW. Unisys walikuwa na hataza ya LZW Marekani. Ghostscript iliyotaka kukaa salama ikalazimika kuandika faili ambazo msomaji wa LZW anazielewa lakini hazikubanwa chochote, yaani faili nono bila sababu ya kiufundi, mpaka hataza ile ilipokwisha muda wake Juni 2003. Kwa hiyo barua ya kampuni inayosema "msimbo ni wenu, utumieni" haitoshi. Nataka nyingine inayosema: hataza zetu zote zinazoguswa na mwongozo huu, hatutamdai mtu yeyote anayeutekeleza, hata kama ni mshindani wetu. Hasa kama ni mshindani wetu.

Mnaujua ule msemo wa nguo ya kuazima. Unavyoishia mnajua pia, siumalizi mbele ya mama zangu hawa.

Sasa, tufanyeje? Maana ukisema kikao kiache kitu kizuri cha bure, lazima uonyeshe kingine.

Ndugu zangu, tunachokitafuta kimeshaandikwa. Kipo. Programu ile inatusifia mambo matatu. Kuchapisha kutoka kwenye simu na kompyuta bila draiva: hiyo ni IPP Everywhere, kiwango cha Printer Working Group, na printa nyingi mpya madukani zinajua IPP tayari, iwe kwa jina hilo, kwa AirPrint au kwa Mopria, umoja ulioanzishwa mwaka 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox. Microsoft nao mwaka 2023 wametangaza kwamba wataacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za watengenezaji kupitia Windows Update, na njia wanayoielekea ni hiyohiyo IPP. Kuhesabu kurasa: ndani ya IPP kuna sifa ya kazi inayoeleza ni kurasa ngapi zimeshapigwa, seva yoyote inaweza kuiuliza. Kushikilia kazi mpaka mtu aje na namba ya siri: nayo imo kwenye nyongeza za IPP, hati namba 5100.11 ya Printer Working Group, tangu 2010. Maandishi haya yote unayapakua bure, usiku huu, kwa bando la kawaida.

Najua pingamizi. Printa zetu ni za zamani. Nani ana printa ya miaka kumi dukani? Mikono yote, naona. Zile ndogo za leza ambazo hazina akili yake yenyewe, kompyuta inazifanyia kazi yote. Ni kweli, IPP hazijui. Ila tusijidanganye kwamba programu ya kampuni inatuokoa hapo, maana hapo ndipo leseni zinapotesa zaidi. Chukueni HPLIP, programu ya HP kwa ajili ya Linux. Ni huria, imetolewa kwa GPL, MIT na BSD, na mimi naihesabu miongoni mwa kazi bora za mtengenezaji yeyote wa printa. Lakini baadhi ya printa zake za leza, hizo hizo ndogo mnazozipenda, hazichapishi bila kipande cha ziada ambacho hakina msimbo, kina leseni yake tofauti, na lazima toleo lake lilingane sawasawa na toleo la HPLIP. Umesasisha kompyuta, kipande hakilingani, mteja amesimama. Leseni tatu nzuri mlangoni, na faili moja iliyofungwa ndani ndiyo yenye funguo.

Kwa printa za zamani dawa ni programu ndogo inayokaa katikati, inayojifanya printa ya IPP upande wa mtandao na kuzungumza lugha ya zamani upande wa waya. Sweet ameandika maktaba ya kutengenezea programu hizo, PAPPL, leseni Apache 2.0, na OpenPrinting wana kadhaa zilizokwisha tengenezwa. Kijana wa safu ya nne, hiyo kazi ndiyo yako.

Simaanishi tuirudishe zawadi. Programu ya kampuni na itumike, anayetaka aiweke leo. Ninachoomba ni kwamba isiandikwe kwenye mwongozo. Mwongozo utaje RFC 8011, utaje IPP Everywhere, utaje PDF, na useme wazi kwamba hakuna kipengele kitakachoingia mpaka kiwe kimeandikwa kikajitegemea, na mpaka programu mbili za wamiliki wawili tofauti, zenye leseni mbili tofauti, ziwe zimekitekeleza na kuchapisha karatasi ileile mbele yetu. Mbili, wala sijasema kumi. Ikiwa ni moja tu inayoweza, basi bado tuna programu, hatuna kiwango.

Na kama kampuni ina ujuzi ambao IPP haina, iuandike. Iuandike kwa maneno, ituachie maandishi kwa leseni inayoruhusu kunakili na kurekebisha, iweke ahadi ya hataza niliyoitaja, na jina lake la biashara isilichomeke kwenye jina la kiwango, tusije tukaambiwa siku moja hatuna ruhusa ya kulitamka kwenye matangazo yetu. Mifano na faili za kujaribia zitakazoambatana nazo ziwe na leseni iliyoandikwa juu yake, maana hizo husahauliwa kila mara, halafu ndizo zinazonakiliwa kwanza.

Wale mnaoandika zabuni za vyuo, mna nguvu kuliko sisi wote humu. Badala ya kutaja jina la programu au la draiva, andikeni kwamba printa ipokee PDF na PWG Raster kupitia IPP, na muuzaji aonyeshe cheti cha IPP Everywhere au afanye jaribio mbele ya kamati. Sentensi moja hiyo itafanya kazi kuliko hotuba yangu.

Ndugu mwenyekiti, marekebisho ya ukurasa wa tatu nimemwachia katibu, yameandikwa tayari kwa mkono na kwa kompyuta. Kifungu cha hataza ni kirefu, naomba kisikatwe ili ukurasa upendeze. Nami nakaa, kwa sababu mama mwenye steshenari pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja AGPL, na sura yake inaonyesha hakubaliani nami.